Hatari Haiko Kwenye Mashine: Safari ya Jiwe Hadi Kwenye Mwali wa Infraredi

Ndani ya punje ya glasi nyeusi iliyotemwa na volkano, punje isiyofika hata milimita moja, kuna maji. Huwezi kuyaona wala kuyakamua, kwa maana yamefungwa ndani ya glasi yenyewe: mengine bado ni molekuli kamili, mengine yamevunjika na kubaki jozi za oksijeni na haidrojeni zilizoshikamana na silika. Kiasi cha maji hayo, kiwe nusu asilimia au asilimia nne ya uzito, humwambia mwanajiolojia magma ilitulia kina gani kabla ya kupanda. Humsaidia pia kueleza kwa nini volkano moja hutiririsha lava taratibu na nyingine hulipuka na kurusha majivu kilomita nyingi angani.

Ili kuyapima bila kuiharibu punje, idara nyingi za sayansi ya ardhi vyuoni hutumia spektroskopia ya infraredi. Mashine yake ni sanduku la mezani, kimya, lisilo na mwako wala eksirei, na mara nyingi limeunganishwa na hadubini. Mwanafunzi mpya akilitazama hujiuliza kwa nini, kabla ya kupewa ufunguo wa chumba hicho, analazimika kupitia mafunzo ya usalama yenye mitihani, sahihi, na matembezi ya kuonyeshwa bomba la kuoshea macho liko wapi.

Ukweli ni kwamba sanduku hilo ndilo sehemu salama kuliko zote. Hatari zimetawanyika njiani, kuanzia msumeno unaokata jiwe hadi chombo cha naitrojeni kinachopoza kitambuzi. Na kuna jambo ambalo mafunzo mengi hayalisemi waziwazi: taratibu zinazomlinda mtu ndizo hizohizo zinazolinda vipimo vyake. Maabara ambamo ni rahisi mtu kuumia ni maabara ambayo namba zake pia zinatia shaka. Ili kuliona hilo, inabidi kwanza kuelewa sanduku linafanya nini.

Mwali, vioo viwili na hesabu

Mwaka 1800 huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu, kisha akaweka vipimajoto kwenye rangi mbalimbali. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona chochote, ndicho kilichopanda zaidi. Mwanga huo usioonekana ndio tunaouita infraredi.

Kwa mtu wa mawe, faida yake iko kwenye mitetemo. Atomi zilizoungana hazitulii. Kila muungano hutetema kwa kasi yake, na muungano wa oksijeni na haidrojeni hutetema takriban mara trilioni 100 kwa sekunde. Infraredi yenye mtetemo uleule ikipita hapo, humezwa. Wataalamu hutaja mahali pa kumezwa kwa kuhesabu mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Katika glasi ya volkano, maji ya aina zote hutoa kilele, yaani mchomozo kwenye mchoro wa mashine uitwao spektra, karibu na 3550, na molekuli kamili za maji hutoa kingine karibu na 1630. Hewa ya ukaa iliyobaki kama molekuli huonekana karibu na 2350, na kaboneti iliyoyeyuka ndani ya basalti hutoa vilele viwili kati ya 1400 na 1550. Kwatzi, ambayo ni silika iliyo katika umbo la fuwele, nayo hujulikana kwa jozi ya vilele kwenye 800 na 780. Jozi hiyo tutaikuta tena mbele.

Ndani ya sanduku mwali hugawanywa mara mbili. Nusu moja huenda kwenye kioo kilichotulia, nusu nyingine kwenye kioo kinachosogea mbele na nyuma, kisha nusu hizo huunganishwa tena. Kioo kinaposogea, mawimbi hujumlishana au hufutana. Kitambuzi hupokea mchanganyiko wa mawimbi yote kwa pamoja, na kompyuta huutenganisha kwa hesabu ambazo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Joseph Fourier mwanzoni mwa karne ya 19. Leza ndogo nyekundu ya heli na neoni hufuatilia kioo kimesogea kiasi gani. Haina madhara ilimradi mfuniko haufunguliwi na asiyehusika.

Kutoka kwenye kilele hadi kwenye asilimia ya maji ni hesabu ya sekondari. Unazidisha uzito wa moli wa maji, 18.02, kwa ufyonzaji uliosomwa, yaani kipimo cha infraredi iliyomezwa. Kisha unagawanya kwa zao la mambo matatu: msongamano wa glasi, unene wa kipande, na kigezo cha ufyonzaji kilichokwisha kupimwa kwa aina hiyo ya glasi. Tuseme kipande cha basalti kina unene wa mikroni 50, yaani sentimita 0.005. Msongamano wake ni gramu 2800 kwa lita, kigezo ni 63, na ufyonzaji uliosomwa ni 0.5. Jibu ni takriban asilimia 1.02 ya uzito. Sasa tuseme ulikosea unene kwa mikroni 5 tu. Jibu lako limekosea kwa karibu asilimia 10, na mashine haina namna ya kukuambia.

Ubora wa kipimo, basi, unaamuliwa zaidi katika chumba kingine, kwenye meza yenye matope, msasa na maji.

Chumba cha msumeno na msasa

Glasi ya mikroni 50 haipatikani kwa bahati. Punje hugandishwa juu ya kibao cha hadubini kwa gundi inayolainika kwa joto, husuguliwa kwa msasa hadi sehemu inayotakiwa ifunuke, kisha hung'arishwa kwa unga wa almasi au alumina. Halafu hugeuzwa na upande wa pili hufanyiwa hivyohivyo. Kazi hii huenda ikachukua siku nzima kwa punje moja, na ukizidisha kusugua kidogo tu, punje inatoweka. Ndiyo maana watu huifanya wakiwa wameinama, uso karibu na kazi, vidole wazi, na mawazo yote kwenye unene. Mkao huohuo ndio unaoleta mvuke na vumbi karibu na pua.

Vumbi ndilo adui mkongwe kuliko wote. Chembe za kwatzi zenye upana wa mikroni chache huvuka vizuizi vya pua na koo na kutua ndani kabisa ya mapafu, ambako mwili hauwezi kuziyeyusha. Mapafu hujenga makovu kuzizunguka, na makovu hayo hayarudi nyuma. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi, ambao wachimbaji wa tanzaniti wa Mererani wanaufahamu kwa uchungu, na ambao humfanya mgonjwa ashambuliwe kirahisi na kifua kikuu. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mwanafunzi wa volkano anaweza kusema kwamba glasi yake si kwatzi. Ni kweli, lakini msumeno anaoutumia leo, jana ulikata graniti ya mwenzake, na matope yaliyokauka kwenye kingo zake ni unga wa kwatzi unaosubiri kufagiwa. Kwa hiyo kanuni ya chumba hicho ni kukata na kusugua kukiwa na maji, kufuta kwa kitambaa chenye unyevu, na kutofagia pakiwa pakavu. Kupuliza kwa hewa ya mgandamizo, jambo linalofanywa mara nyingi kwa sababu ni la haraka, ni kulirudisha vumbi hewani moja kwa moja.

Hapa ile jozi ya 800 na 780 inarudi. Wakaguzi wa afya kazini humvalisha mfanyakazi pampu ndogo yenye kichujio karibu na pua, kisha hupima kwatzi iliyonaswa kwa kutumia infraredi, kwenye vilele hivyohivyo viwili. Maabara yenye mashine hii ina uwezo wa kupima hatari ya chumba chake chenyewe cha kukatia mawe. Natamani idara nyingi zaidi zingelifanya hilo kuwa zoezi la kwanza la kila mwanafunzi: apime vumbi la msumeno wetu kabla hajapima maji ya magma.

Baada ya msasa huja asetoni, inayoyeyusha gundi. Mvuke wake hushika moto hata chumba kikiwa na baridi, na gundi hiyo, kama tulivyoona, hulainishwa kwa sahani ya moto. Kuviweka viwili hivyo kwenye meza moja ni kukaribisha moto. Kuna pia suala la glavu. Glavu za bluu za naitraili, zinazopatikana kila maabara, hupenywa na asetoni haraka mno. Mtu hudhani amejikinga ilhali ngozi yake tayari imelowa. Mafunzo mazuri humfundisha mtu kuchagua glavu kwa kemikali husika, na kuivua mara inapomwagikiwa.

Asetoni isipotumika vizuri, data nayo huharibika. Mabaki ya gundi na mafuta ya vidole hutoa vilele kati ya 2850 na 2960, sehemu ya mitetemo ya kaboni na haidrojeni. Mtafiti akiviona hivyo kwenye sampuli ya volkano anajua kwamba jiwe halikusafishwa, au kwamba kuna aliyelishika kwa mkono mtupu. Mwenye jicho zuri husoma kwenye spektra tabia ya mtu mezani.

Na neno moja kuhusu fuwele ambazo sampuli hukandamizwa juu yake. Nyingine ni almasi, isiyo na shida. Nyingine ni zinki selenidi, yenye rangi ya manjano. Hii haitakiwi kuguswa na asidi kali hata kidogo, kwa kuwa huweza kutoa gesi ya haidrojeni selenidi yenye sumu kali.

Naitrojeni, gesi isiyoonekana na mashine wala na mwili

Vipimo vya vipande vidogo huhitaji kitambuzi chepesi sana cha kuhisi, kilichotengenezwa kwa zebaki, kadmiamu na teluriamu. Kitambuzi hicho kikiwa na joto la kawaida huzidiwa na kelele zake chenyewe, hivyo hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika iliyo kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo hubebwa kwenye dewari, chombo chenye kuta mbili na ombwe katikati, kama chupa ya chai.

Kwa nini naitrojeni? Kwa sababu ni nafuu na inapatikana, na pia kwa sababu molekuli yake, yenye atomi mbili zinazofanana, haimezi infraredi. Gesi yake hupulizwa ndani ya sanduku ili kufukuza mvuke wa maji na hewa ya ukaa, ambavyo vinginevyo vingechafua vilele vya sampuli. Kwa mashine, chumba kilichojaa naitrojeni ni chumba kitupu.

Kwa mwili pia. Haina rangi, haina harufu, haiwashi. Hamu ya kuvuta pumzi tunayoihisi tunapobanwa husababishwa zaidi na hewa ya ukaa kuzidi katika damu, na mtu anayevuta naitrojeni anaendelea kuitoa hewa hiyo nje kama kawaida. Hahisi kukosa chochote. Oksijeni ikishuka vya kutosha huanguka bila onyo, na anayekimbilia kumwinua huanguka juu yake.

Ni jambo linalopigiwa hesabu, na hesabu yake ingepaswa kubandikwa mlangoni. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika hugeuka kuwa takriban lita 700 za gesi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3: ujazo wake ni mita 60 za ujazo. Lita 10 zikimwagika na kuchemka zote, mita 7 za ujazo za hewa zinasukumwa nje na oksijeni inashuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 18.5. Kengele za oksijeni kwa kawaida huwekwa zilie kwenye 19.5, kwa hiyo hapo tayari zinalia. Dewari ya lita 30 ikipasuka katika chumba hichohicho, oksijeni inashuka hadi karibu asilimia 13.6. Kwenye kiwango hicho akili huchanganyikiwa kabla mtu hajatambua kwamba imechanganyikiwa. Na hesabu hii inachukulia kwamba gesi imejichanganya sawasawa. Kwa kuwa ni baridi, mwanzoni huzama sakafuni, na aliyeinama kuokota kitu hukutana na hewa mbaya zaidi.

Sheria ya lifti inatokana na hapo. Dewari haipandi lifti na mtu. Hupakiwa peke yake, ikiwa na tangazo la kuzuia wengine wasiingie, na mwenzako huipokea ghorofani. Wageni huona ni urasimu. Lakini lifti ni chumba cha mita chache za ujazo ambacho kinaweza kukwama.

Hatari ya pili ni shinikizo. Lita 700 zisipopata pa kutokea, zitajitengenezea njia. Alfajiri ya Januari 12, 2006, katika jengo la kemia la Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, tangi la naitrojeni ya kimiminika lilipasuka kitako na kuruka juu kupitia dari. Vifaa vyake vya kupunguza shinikizo vilikuwa vimeharibika miaka mingi kabla, na kuna aliyeviondoa akaziba matundu kwa vizibo vya shaba. Jengo lilikuwa tupu, hakuna aliyeumia. Najaribu kumfikiria aliyeweka vizibo vile: bila shaka aliona tangi linavuja, linapoteza naitrojeni iliyonunuliwa kwa fedha, akatengeneza. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mlio ule wa kuvuja ndio uliokuwa unalifanya tangi liwe salama.

Katika kumimina, kanuni ni chache: miwani na ngao ya uso, glavu nene zilizo pana ili zivulike upesi, suruali ishuke nje ya viatu ili tone lisidumbukie ndani, na kumimina polepole hadi mchemko wa kwanza utulie. Halafu tazama nje ya chombo. Dewari ya kitambuzi inayotoa jasho au kuota barafu kwa nje imepoteza ombwe lake. Itachemsha naitrojeni haraka, na hilo ni suala la usalama. Lakini chombo kilichopoteza ombwe pia huruhusu utando wa barafu kujijenga mbele ya kitambuzi, na barafu hiyo humeza infraredi karibu na 3250, jirani kabisa na kilele cha maji ya magma. Mtafiti asiyeangalia anaweza kuripoti maji ambayo hayakutoka kwenye volkano yoyote.

Asidi ya chumba cha jirani

Infraredi yenyewe haihitaji asidi. Lakini kati ya wanaoitumia, ni wachache wanaoishia hapo. Jiwe lilelile hupelekwa chumba cha jirani kuyeyushwa ili elementi zake zipimwe, na kitu kinachoweza kuvunja muungano wa silika na oksijeni kwa urahisi ni asidi ya haidrofluoriki. Hakuna idara kubwa ya jiokemia inayoiepuka. Hairuhusiwi kuwekwa kwenye chupa ya glasi kwa kuwa huila glasi, hivyo hukaa kwenye plastiki na kutumika ndani ya kabati la kufyonza mvuke.

Ukiilinganisha na asidi ya salfa, haidrofluoriki kikemia ni asidi dhaifu, na hapo ndipo inapodanganya. Molekuli zake nyingi hupenya ngozi zikiwa bado nzima, zikashuka hadi kwenye nyama na mfupa, ndipo floridi ikaachiliwa. Floridi hukamata kalsiamu na magnesiamu za mwili. Kalsiamu ikishuka katika damu, moyo hupoteza mpigo wake. Asidi iliyopunguzwa makali, chini ya asilimia 20, inaweza isiume kwa saa nyingi, hata siku nzima. Mtu huenda nyumbani akidhani ni maji yaliyomrukia.

Mwaka 1994 nchini Australia, fundi wa maabara ya palinolojia, yaani uchunguzi wa chavua na mbegu za kale ndani ya mawe, alimwagikiwa mapajani na asidi hiyo yenye nguvu ya asilimia 70. Kiasi hakikuzidi robo lita. Alikuwa amevaa glavu na mikono ya plastiki, lakini hakuwa na aproni ya kufunika mapaja. Hapakuwa na bafu la dharura. Alijimwagia maji ya mpira yaliyotoka kwa shida, kisha akajitosa kwenye bwawa la kuogelea lililokuwa nyuma ya jengo. Jeli ya kalsiamu haikupakwa. Sehemu iliyoungua ilikuwa takriban asilimia 9 tu ya ngozi yake. Madaktari walimkata mguu mmoja, na akafariki siku 15 baada ya ajali.

Kila kilichokosekana siku ile ni kitu cha bei ndogo: aproni, bomba lenye maji ya kutosha, mrija wa jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, na mtu wa pili ndani ya chumba. Ndiyo maana mafunzo ya asidi hii hayaishii kwenye slaidi. Unaoshwa macho kwa mfano, unafungua bafu kwa mkono wako, unauliza jeli iko wapi na unasoma tarehe yake ya kuisha muda. Unafundishwa kuosha kwa maji mengi mara moja, kupaka jeli na kuendelea kuisugua, na kwenda hospitali hata kama huumwi, ukiwa na karatasi inayomweleza daktari ni asidi gani. Madaktari wengi wa dharura hawajawahi kukutana nayo.

Mafunzo yanavyokwenda, na yanapovujia

Kwa kawaida ngazi ni nne. Kuna somo la jumla linalofanywa mtandaoni kwa kila anayeingia maabara yoyote. Kuna matembezi ya jengo lenyewe. Kuna mafunzo ya kifaa husika pamoja na fundi sanifu anayekisimamia. Halafu kuna kazi ya kwanza inayofanywa mbele ya macho yake kabla ya sahihi. Sheria zinaidai hatua ya msingi. Marekani, kanuni ya maabara ya mwaka 1990 inataka kila maabara iwe na mpango wa maandishi wa kujikinga na kemikali. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina ya kwake ya 2007, na zote mbili zinamtaka mwajiri awape watu maelekezo na mafunzo.

Panapovujia ni kati ya ngazi ya tatu na ya nne. Fundi sanifu ana wanafunzi wengi, mwanafunzi ana haraka, na mwanafunzi wa mwaka uliopita anajitolea kumwonyesha. Maarifa yakipita mdomo kwa mdomo, sababu hudondoka njiani na kubaki vitendo. Januari 2010, katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mwanafunzi wa uzamivu alipoteza vidole vitatu pale kampaundi ya mlipuko aliyokuwa akiitengeneza na mwenzake ilipolipuka. Kikomo kilichojulikana kilikuwa miligramu 100. Wao walitengeneza takriban gramu 10. Bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali iligundua kwamba kikomo hicho kilisemwa kwa mdomo tu, na kwamba matukio ya nyuma yaliyokaribia kuwa ajali hayakuandikwa ili wengine wajifunze.

Kwa maoni yangu daftari la matukio ya karibu-ajali ndilo kipimo cha kweli cha maabara. Daftari tupu kwa miaka mitatu halimaanishi hapakuwa na tatizo. Linamaanisha watu wanaogopa kuandika, au hawajui kwamba walichokiona kilikuwa tatizo. Maabara ya infraredi ina nafasi nzuri hapa, kwa sababu tayari ina daftari la mashine: kila mtumiaji huandika saa aliyoanza, naitrojeni aliyotumia na hali ya spektra ya hewa tupu kabla ya sampuli. Safu moja zaidi ya kuandika kitu kilichomshtua haiongezi kazi.

Goma na Nairobi

Kuna mahali ambapo sanduku hili hutolewa kabisa nje ya chumba. Kati ya 2005 na 2007 watafiti walilipandisha hadi ukingo wa kreta ya Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, na kulielekeza kwenye ziwa la lava lililokuwa likitokota chini. Hawakuhitaji taa, lava yenyewe ilikuwa chanzo cha infraredi, na gesi zilizopanda katikati zilimeza kila moja mahali pake. Zaidi ya theluthi mbili ya gesi ilikuwa mvuke wa maji, karibu robo ilikuwa hewa ya ukaa, na ndani yake kulikuwemo kiasi kidogo cha floridi ya haidrojeni, gesi ya ile asidi ya chumba cha jirani. Huko bafu la dharura halipo. Mafunzo yake ni kusoma upepo, kuvaa barakoa ya gesi, na kujua njia ya kushukia. Na mabondeni, kuelekea Sake na kandokando ya Ziwa Kivu, wenyeji wanaijua mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo, inayoua mifugo na watu. Aliyekulia kule anaelewa hatari ya gesi isiyoonekana kuliko mwanafunzi yeyote aliyefaulu mtihani wa mtandaoni.

Nairobi hali ni tofauti. Katika maabara ya udongo ya World Agroforestry, kituo cha utafiti wa kilimo mseto na miti kilichoko mtaa wa Gigiri, infraredi imepunguza kemikali. Njia ya kawaida ya kupima kaboni ya udongo tangu miaka ya 1930, inayoitwa Walkley na Black, huchanganya udongo na dikromati ya potasiamu na asidi ya salfa isiyochanganywa na maji; chromiamu yake ni ya aina inayosababisha saratani, na taka zake ni mzigo kwa maabara yoyote. Infraredi husoma udongo mkavu kwa muda mfupi, bila tone la asidi, kisha hukadiria kaboni, mfinyanzi na mengineyo kwa kulinganisha na maktaba ya spektra. Sehemu ndogo ya sampuli bado lazima ipimwe kwa njia za kemia ili maktaba iwe na maana, kwa hiyo kemikali hazijaisha. Lakini badala ya kila sampuli kupita kwenye asidi, hupita chache.

Gharama yake inakuja kwa njia nyingine. Kwa aina ya infraredi iitwayo infraredi ya kati, udongo lazima usagwe uwe laini kabisa, chini ya mikroni 100 hivi, na udongo mwingi wa Afrika Mashariki umejaa kwatzi. Asidi imepungua, vumbi limeongezeka. Anayeanzisha maabara ya namna hii Morogoro, Kampala au Bukavu na kutenga bajeti ya mashine peke yake, atakuwa amesahau kinu kilichofungwa, kifyonza vumbi na barakoa za msagaji, ambaye kwa kawaida ndiye analipwa kidogo kuliko wote na ndiye wa mwisho kualikwa kwenye mafunzo.